Mitaala Mitatu na Mkono wa Zuwena

Jumapili, 5 Oktoba

Saa tatu, hesabu. Saa tatu na robo, Zuwena analia. Saa tatu na nusu, Said katia kijiti chekundu puani na somo likaishia hapo.

Mtaala wa vijiti nimeuzika leo. Kila rangi na namba yake, mtoto anatakiwa aguse, acheze, agundue mwenyewe. Zuwena ana miaka saba, kagundua kwamba vijiti vinajenga nyumba. Said ana mitano, kagundua pua. Wiki tano zimepotea. Kasha nimelipandisha juu ya kabati, na aliyeutunga mtaala huo ningempata ningempandisha naye.

Mume wangu Nassor kasema atangoja mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo dada yake Rahma, anayesomesha hesabu na hakosi kutukumbusha, atakuja kumpima Zuwena. Akishindwa, anarudi skuli. Skuli ile ile ambako mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake akamchapa rula ya vidole kwa kuchelewa kujibu. Nilimtoa siku hiyo hiyo. Nikaapa mbele ya mume wangu na mama yake kwamba hapana mtu atakayeupiga tena mkono wa mwanangu.

Siku kumi na moja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda mtaa wa Hamriya, hapa Maskati, kutoa kopi. Maegesho hakuna, jua la Oktoba utadhani la Juni. Mtaala wa pili ni karatasi tupu: hesabu ishirini kwa dakika tatu, kila siku, bila michoro wala michezo. Maelezo yanasema mikono ya mtoto ikae juu ya meza. Vidole marufuku. Nimeupenda. Angalau huu hauna rangi.

Mama mkwe kaliona rundo mezani. Kauliza kama zote hizo ni za mtoto mmoja. Nikasema ndiyo. Kaondoka na kikombe chake cha chai. Miaka tisa naishi na mwanamke huyu na bado sijajua vipi mtu anaweza kunitukana kwa kubeba kikombe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nne katika ishirini.

Nimeona kitu. Mkono wake wa kulia unaacha kalamu, unashuka chini ya meza. Namwambia upandishe, anaupandisha, kisha anaacha kuandika kabisa. Dakika moja baadaye umeshuka tena. Ukaidi wa ukoo wa baba yake. Nimemwonya mara sita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tano katika ishirini.

Nimeomba ushauri kwenye kundi la simu la akina mama wa Maskati wanaosomesha nyumbani. Sikupata ushauri, nimepata picha. Huyu mwanawe wa miaka minne anagawanya. Yule anasema tatizo huwa ni utulivu wa mama. Nimejitoa. Sasa nina utulivu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Rahma, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Nachukia kwenda. Nachukia zaidi pilau yake kuwa nzuri.

Kanipa mtaala wa tatu, vitabu vya skuli yake, vimefungwa utepe kama zawadi. Kisha tumekaa sote kwenye sinia, Zuwena mkono umo ndani ya wali, Rahma kamgeukia: "Haya habibti, nane na saba ngapi?" Zuwena katazama mkono wake wenye wali. Katazama sinia. Rahma akamwambia kaka yake, "Umeona? Mimi sisemi kitu, lakini umeona." Nassor akala.

Nilipokwenda kumnawisha, Zuwena alifuta mkono, akageukia ukutani kidogo, akaninong'oneza: "Kumi na tano." Nikamwambia ungesema kule. Sikumwuliza kitu zaidi. Nilikuwa na hasira za kugawia mtaa mzima.

Vitabu vya Rahma nimeviacha kwenye buti la gari, na utepe wake.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempiga.

Saa ya simu inahesabu, karatasi mbele yake, mkono ukashuka chini ya meza. Nikasema juu. Ukapanda, ukashuka. Rula ilikuwa karibu. Mara moja, kwenye vidole, mkono wa kulia.

Hakulia. Anayelia kila siku kwa ajili ya namba, leo hakulia. Kauangalia mkono, kaukunja, kautia kwapani. Said kashuka kitini kaenda chumbani kwa bibi yake.

Rula nimeirudisha kwenye mkebe wa kalamu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikusomesha. Nimepika, nimefua vilivyokwisha fuliwa.

Baada ya sala ya alasiri nimepita mlangoni kwa mama mkwe. Mlango wazi. Watoto wote wawili wako kwenye msala wake, mmoja kila upande, wanavuta uradi. Hana tasbihi, hajawahi kuwa nayo. Anahesabu kwa pingili za vidole kama alivyofunzwa Unguja: gumba linatembea, pingili tatu kila kidole, na gumba lenyewe likapewa tatu zake. Kumi na tano, mkono umejaa. Kumi na tano tena. Tatu za juu. Thelathini na tatu.

Gumba la Zuwena lilikuwa linatembea sawasawa na lake. Ule ndio mkono wa chini ya meza. Alikuwa anahesabu. Nane, na saba juu yake, mkono mzima umejaa. Sinia la Ijumaa: mkono umo ndani ya wali.

Na mimi nahesabu hivyo hivyo. Mara tano kwa siku, tangu utotoni. Nimetafuta mitaala mitatu, na gumba langu mwenyewe sikuliona.

Nimeingia. Nikasema, kwa upole niliouokota sijui wapi, nionyeshe mama nane na saba. Kauficha mkono mgongoni.

Mama mkwe akaniangalia. "Miye sikumfunza hesabu, mwanangu. Nnamfunza uradi tu. Mkono wake una nini huu?" Nikamwambia nilichofanya. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana. Alivuta upande wa kanga yake akamfunika nao mtoto, basi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Rahma kaja saa kumi jioni na karatasi yake na kalamu mbili. Nikamwambia kabla hajakaa: saa haitumiki, na mkono wa mtoto unakaa anapotaka mtoto. "Wallahi huo si mtihani," kasema. Nikamwambia basi si mtihani, ni hesabu.

Zuwena hakutaka meza. Kakaa chini kwenye mkeka ubavuni mwa bibi yake, kalamu mkono wa kushoto, namba zake mbovu kama za Said. Mkono wa kulia kautia ndani ya kanga ya bibi. Aliyekuwa anamficha si Rahma. Nilijua ni nani.

Dakika arubaini. Kumi na nane katika ishirini.

Rahma kasahihisha mara mbili, anatafuta makosa zaidi ya hayo mawili, hakuyapata. Kisha akasema, "Polepole hivi, skuli watamcheka." Na hapo Nassor alikuwa ameshaanza kutabasamu, jambo limekwisha, nimeshinda. Ningenyamaza tu.

Nikasema. Jumapili nilimpiga rula ya vidole. Mimi. Nimesema mbele ya Rahma, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, na ndiyo maana nikalisema mbele yake. Nassor akitaka kumrudisha skuli, sina mdomo wa kumkatalia.

Rahma kaikunja karatasi yake. Kisha Nassor akainuka, kachukua rula kwenye mkebe wa kalamu, kaivunja, kaitia mfukoni mwa dishdasha yake. "Watasoma hapa hapa," kasema. Hakunitazama. Mpaka sasa hajanitazama.

Jumapili, 19 Oktoba

Asubuhi nimeteremka kwenye gari nikatoa vitabu vya Rahma. Nimevipitia vyote vitatu nikiwa nimesimama kwenye jua. Ni vizuri kuliko mitaala yote niliyonunua. Hilo sitamwambia.

Saa tatu, meza. Vijiti nimemshushia Said, anajenga. Karatasi za Hamriya anachorea nyuma. Saa ya simu nimeiacha jikoni.

Nimeweka mkono wangu juu ya meza, kiganja wazi. Gumba kwenye pingili ya kwanza. Tisa na nane, ukurasa wa kwanza. Nikaanza kuhesabu peke yangu, kwa sauti ndogo.

Zuwena kaangalia muda. Kisha kapandisha mkono wake mezani. Wa kushoto. Tukaenda pamoja, pingili kwa pingili, mpaka mkono ukajaa.

Zimebaki mbili, na mkono wa kulia, ule niliouchapa, uko chini ya meza. Nikangoja. Said kajenga nyumba, kaibomoa, kajenga tena.

Leo tumeishia kumi na tano.