Mtoto na Wimbo wa Kunong'ona

Alhamisi

Tangu nijifungue sijaandika kitu humu, nijisamehe tu. Mikono ilikuwa imejaa.

Mwalimu wa kwaya alitaka sisi tunaonyonyesha tuwaache watoto nyumbani hadi Pasaka ipite. Wimbo wa Pasaka tunaojifunza, wa Kilatini wa zamani, hauna ngoma wala kinanda, kilio cha mtoto hakina pa kujificha. Unaanza kwa kunong'ona, unapanda taratibu mpaka sauti zote nne zinajaa kanisa, halafu unashuka tena. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto akibaki, nami nabaki."

Tatizo sisi kunong'ona hatujui. Tumezoea spika na vigelegele. "Kwani mnaswaga ng'ombe huko Momba?" mwalimu alifoka leo mazoezini.

Mtoto akaanza kulia. Nikamnyonyesha, akalala, nikamfunga mgongoni. Mama Neema, tunayesimama naye mstari mmoja, akawageukia wanakwaya wengine: "Atakayemwamsha, atambeba yeye."

Tukaanza. Jamani, tulivyonong'ona! Mwalimu akafumba macho kwa raha. Lakini tulipofika pa kupaza sauti, kila mtu akatazama mgongo wangu, akaendelea kunong'ona. Mwalimu anapunga mikono kama anayesimamisha lori, wapi!

Akafuta jasho. "Haya, Mama Tumaini, Jumapili uje naye. Ila pale pa kupaza nitamwamsha mwenyewe."

Athubutu.