Aina Nisiyoiandika

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshasoma, usimtajie mtu hata neno moja. Visa yangu iko mikononi mwa watu ninaowaandika humu.

Jumapili, 8 Machi 2015
Ofisini Deira, Dubai; wiki ya kazi imeanza, mizigo ya Dar na Tanga. Programu yangu inakwenda vizuri. Kila msafirishaji ana aina yake, yaani kipande chake cha msimbo, kwenye folda. Aina yoyote inayotimiza kiolesura, yaani inayoweza kutaja jina na bei, programu huiunda yenyewe na kuiuliza. Haihitaji kuijua kabla. Mwenye bei ya chini hupewa mzigo. Arbab, bosi wangu, amenisifu.

Bi Mwanaidi amekuja tena. Ni mpishi wa nyumbani kwa watu. Cherehani alizomnunulia bintiye hazijafika Tanga. "Mwanangu, cherehani ni barafu, ziyeyuke njiani?" Nikaandika namba ya mzigo wake.

Jumatatu, 9 Machi
Nimeufuatilia mzigo wake. Umepewa msafirishaji nisiyemjua. Kwenye folda kuna aina ambayo sikuiandika mimi. Bei yake daima ni ya chini kuliko zote. Mizigo yake yote imeishia kwenye ghala moja kule Dubai Investments Park. Haisafiri.

Programu ina jina langu tu. Polisi wakija, mwizi ni mimi.

Jumanne, 10 Machi
Nimekosea vibaya. Nilitaka tu kuona jina la ile aina, nikaendesha programu kwenye kompyuta yangu. Lakini programu yangu haijui kutazama bila kuunda. Ikaiunda. Nimesoma msimbo baadaye: ikiundwa tu, kabla ya kuulizwa lolote, inamtumia aliyeiandika taarifa, pamoja na jina la kompyuta iliyoiunda.

Ningesoma kwanza. Mjinga mimi.

Jumatano, 11 Machi
Mpwa wa arbab, msimamizi wa maghala, ameegemea meza yangu. Anatabasamu. "Injinia, unachungulia nini nyumbani kwangu?" Kisha: "Yalla, piga kazi."

Kumbe ni yeye. Sikula. Simu ikilia nashtuka.

Alhamisi, 12 Machi
Nimemwambia arbab. Nikamwonyesha ile aina. Alitazama skrini, akapiga simu ghalani: mzigo wa Tanga utoke leo. Kwangu alisema, "Khalas, yamekwisha. Jumapili usije." Ananilinda au ananifukuza? Sikuuliza.

Nimefua mashati. Nyumba imetulia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, ukinihitaji, usipige simu. Nenda Al Ras, hapa hapa Deira, umuulize Mzee Haji muuza karafuu, mjomba wangu. Nenda baada ya adhuhuri, wateja wakipungua. Akikukaribisha chai, nipo. Akisema hanijui, nimeshaondoka nchini.