Kiti Nimenunua Mimi, Anayekandwa ni Breki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijashika mkasi wangu wa kukatia suti nikakipasua kiti kilichoko sebuleni kwangu, na ukiona mwandiko umelala ujue naandika nimesimama, kwa sababu kukaa kwenyewe kumeshakuwa taabu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule na magauni ya harusi, nimeinama juu ya mashine tangu kifungua mimba wangu hajaota meno na sasa ananizidi urefu, na mgongo huu ikifika jioni unaanza kuwaka kiunoni, unapanda mpaka katikati ya mabega, mpaka mtaalamu wa viungo akaniambia, mama, hapa pamekaza kama kamba, tafuta namna ya kukandwa kila siku la sivyo utaacha kushona. Kuacha kushona! Ndipo nikaanza kudunduliza, kila gauni likitoka naweka kando kidogo, nikazinyima nywele zangu, nikainyima miguu yangu viatu, hadi pesa ikatosha kununua kiti cha masaji, kile cha umeme chenye vigurudumu ndani ya egemeo vinavyopanda na kushuka mgongoni.

Dukani nilikwenda na mume wangu. Yeye ni mwalimu wa udereva, mtaani wanamwita Breki, maana hata akipanda gari la mtu mwingine mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Ni mtu mwema, hanipigi, halewi, simsingizii. Lakini tulipoingia tu, yule muuzaji akaniruka kama sipo, akamwambia, "Karibu mzee, kaa ujionee mwenyewe." Na kwetu ndivyo tulivyozoea, mshauri, kitu kipya kikiingia baba ndiye anayekizindua, iwe redio, iwe godoro. Breki akavua viatu, akanipa nimshikie, akajilaza. Nikasema, "Baba, na mimi nijaribu kidogo." Akanijibu macho kayafumba, "Wewe utakizoea tu, mama. Tunachukua hiki hiki." Akakoroma pale pale dukani, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nimeshika viatu, nikaenda kulipa.

Kufika nyumbani, kile kiti kikilazwa kinataka nafasi mbele na nyuma, basi ikabidi kitu kimoja kitoke sebuleni. Unajua kilitoka nini? Cherehani yangu! Mashine iliyokinunua kiti ikahamishiwa koridoni, karibu na mlango wa choo, kwenye mwanga wa balbu moja, na kila anayebanwa na haja ananiambia nisogee apite. Na mimi nilipokikalia, mshauri, mimi ni mfupi na Breki ni mrefu, vile vigurudumu vya kukanda mabega vikaja kunigonga kisogoni, gu, gu, gu, kama mtu anayebisha hodi, huku miguu yangu inaning'inia na pale kiunoni panaponiuma hapaguswi kabisa. Breki akauliza, "Vipi, raha?" Nikasema, "Sawa tu."

Tangu hapo kiti kina mwenyewe. Mume wangu anashinda garini amekaa, kazi yake ni kukaa, akirudi anakaa tena ili akandwe uchovu wa kukaa! Mama mkwe akija anawekwa humo, anasema mwanangu kajua kunituliza. Majirani wanakuja kumpongeza, "Hongera bwana, umejitunza," na yeye anaitikia, "Ahsanteni, ahsanteni." Namsikia kutoka koridoni, nina pini mdomoni, hata pa kutolea neno sina.

Jumapili nikafanya jambo. Alikuja shemeji yangu, mdogo wake Breki, mtu mnene mcheshi tunayemwita Tani, ambaye ndiye pekee katika ukoo ule aliyewahi kuniuliza, "Shemeji, mbona wewe sikuoni kitini?" Siku hiyo alikikalia kidogo, akainuka kwenda kunawa mikono, na watu walipokuwa mezani mimi nikarudi sebuleni, nikachomoa plagi ya kiti, nikaifungua kwa bisibisi yangu ndogo, nikatoa fyuzi, nikaitumbukiza kwenye kopo la bobini zangu za uzi, nikairudisha plagi ukutani. Fyuzi nazijua, mota ya cherehani yangu imezila nyingi. Nilitaka tu kile kiti kinyamaze, mshauri, nyumba ile isikie mlio wa cherehani peke yake hata kwa siku moja.

Baada ya kula Breki akabonyeza rimoti. Kimya. Akakizunguka kiti kama gari lililopata ajali, akachungulia chini yake, kisha akatoa hukumu mbele ya watu wote. "Tani, umekivunja! Mtu na mwili huo, hata huoni haya?" Shemeji akaomba radhi, akaomba tena. Mama mkwe akamwambia kuanzia leo awe anakaa kwenye benchi la nje, watoto wangu wakaangua kicheko, na mtu yule anayetuchekesha sisi wote akachukua kofia yake akaondoka chai haijaguswa. Mimi nilikuwepo. Nilinyamaza.

Sasa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja na fundi umeme kutengeneza alichoharibu, na fundi akifungua ile plagi ataona pengo, na nyumba nzima inajua nani ana bisibisi. Duka lilisema kiti kisipotufaa watatubadilishia kabla mwezi haujaisha, ila Breki hataki hata kusikia. Je, nirudishe fyuzi kimyakimya tuseme kimejiponya? Au nimwache fundi aje, mimi nijifanye sijui lolote? Mgongo unaniuma na moyo unaniuma. Itoe tu barua hii gazetini, Breki anasoma kurasa za michezo tu.

Fundi wa Koridoni

*

Fundi wa Koridoni,

Barua yako nimeianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Mashine inayolisha nyumba iko mlangoni pa choo, na kiti ilichokinunua kimetandazwa sebuleni kinapokea pongezi! Huyo muuzaji naye, kama angekuuliza swali moja tu, nani anaumwa hapa, leo tusingeandikiana.

Lakini Breki ndiye aliyenipandisha hasira zaidi, na nitakwambia kwa nini. Mwanafunzi wa udereva akiingia garini siku ya kwanza, hafundishwi gia wala usukani. Anafundishwa kurekebisha kiti. Kama ni mfupi, mwalimu anakisogeza mbele mpaka miguu ifike kwenye pedali, na kabla ya hapo gari haliwashwi. Mumeo anasema maneno hayo kila siku ya Mungu. Angekubali mwanafunzi wake aendeshe kwa kiti kilichopimwa kwa mtu mwingine, amwambie "utakizoea tu"? Thubutu! Sasa kumbe anayostahili mgeni aliyelipia masomo, mkewe hastahili?

Umefurahi? Haya, zamu yako.

Nimeipitia barua yako tena na tena nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo kwamba kiti hiki kinakugonga kisogoni. Sijapaona. Uliulizwa, waziwazi, "Vipi, raha?" Ukajibu "Sawa tu," ukaenda koridoni kununa. Breki ni mwalimu wa udereva, mama, hapigi ramli. Mimi usiyenijua umenimiminia yote haya, na yeye mnayelala kitanda kimoja umempa maneno mawili.

Na Tani je? Hapo ndipo nimekukasirikia kweli. Watu wote wamepita mbele ya uchungu wako wakijikanda, mmoja tu akasimama akauliza mbona hukai, na huyo huyo ndiye uliyemwachia abebe kosa lako. Amesimangwa kwa mwili wake mbele ya mama yake mzazi na watoto wako, na sasa anahangaika kutafuta fundi wa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Unasema moyo unakuuma. Wacha uume, unauma kwa haki.

Habari ya kurudisha fyuzi kimyakimya isahau. Kiti kikipona chenyewe, Tani atabaki ndiye aliyekivunja mpaka watoto wako watakapokuwa na wajukuu. Na Jumamosi usiisubiri. Leo hii mpigie shemeji yako umwambie yeye kwanza, umwombe radhi bila kumpamba na bila kumsimulia mgongo wako, kisha mwite nyumbani jioni, na mama mkwe awepo, na watoto wawepo. Alifedheheshwa mbele yao, basi asafishwe mbele yao. Toa fyuzi kwenye kopo la bobini, iweke mezani waione, useme, "Shemeji hakuvunja kitu. Nilikizima mimi." Neno "lakini" lisifuate. Watoto waliocheka nao waombe radhi. Irudishe fyuzi mahali pake, kiti kiwake, na Breki akinguruma mwache angurume mpaka aishiwe pumzi.

Akishaishiwa, ndipo umwambie yako. Mkalishe humo kitini, wewe simama, umwulize kwa lugha ya kazi yake: dereva wa kiti hiki ni nani, na ni nani alimrekebishia? Mwambie kinapokugonga na pasipoguswa. Mwambie mtaalamu wa viungo alisema nini, kwamba bila mgongo huo hakuna sare wala gauni litakalotoka nyumbani humo. Na cherehani irudi sebuleni siku hiyo hiyo, aibebe yeye, asitumwe Tani.

Kisha dukani, kabla mwezi haujawaponyoka. Kaa mwenyewe, sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti, nyayo zifike pa kuwekwa. Vigurudumu vianzie mabegani, vishuke mpaka kiunoni panapowaka. Usiinuke kwa aibu kwa sababu muuzaji anasubiri, kaa mpaka mwili wenyewe useme. Chagua kinachokanda taratibu, mgongo uliokaza hautaki kutwangwa. Uliza kinataka nafasi kiasi gani kutoka ukutani, maana viko vinavyosogea mbele vikilazwa, na hivyo havitamfukuza mtu sebuleni. Kisipopatikana cha kimo chako, usichukue chochote, dai pesa zako urudishiwe. Na hata ukikipata, usikiachie kazi yote: kila unapomaliza nguo moja inuka, jinyooshe, tembea mpaka nje ndipo ushike nyingine.

Umesema Breki anasoma michezo tu. Mama, michezo imechapwa nyuma ya ukurasa huu huu. Akigeuza karatasi anakutana na jina lake. Kwa hiyo simu ya Tani ipige sasa hivi, kabla hujamaliza kukunja gazeti.

Na mkifika dukani, muuzaji akisema, "Karibu mzee," mzee abaki amesimama. Wewe vua viatu, umpe avishike.

Mshauri wako