Mafuta ya Nguruwe Mweusi

Jumamosi, Nyaishozi

Yameganda kweli, tena meupe. Mwenye bucha ameyabonyeza kwa kidole, akaniambia, "Mama, haya sasa ndiyo mafuta."

Nguruwe wa kwanza mafuta yake yalikuwa teketeke, yanamyeyukia mkononi. Nilitahayari. Mume wangu akasema kosa ni mbegu, tumuuze mama yao, yule mweusi wa kienyeji, tutafute wa kizungu. Nikanyamaza, maana aliyekuwa akiwamwagia parachichi kila siku ni mimi.

Wa leo ni wa tumbo lilelile, ila tangu siku ile nimemlisha pumba na viazi tu.

Jioni nimemkuta mume wangu bandani, anamkuna yule mama mgongo, anamwomba radhi.

Habari ya parachichi bado sijamwambia.