Nusu Uliyoivunja

Kaka yangu Halkano,

Nilianza na "mpendwa", nikalifuta. Ukija nyumbani nitalirudisha. Kwa sasa nina hasira na wewe, na kwa kuwa simu zangu huzishiki huko Nairobi, nimeamua kukuandikia mahali ambapo hata rafiki zako watasoma.

Unalikumbuka duka letu la kuchapa hapa Bulla Pesa? Wewe ndiye uliyeniketisha mbele ya kompyuta. Ulinifundisha kwamba alama ya nyuzi za joto si herufi o iliyopandishwa juu, na kwamba mtu akibadilisha fonti, alama za vipimo ndizo huharibika kwanza. Maneno yatabaki, ulisema, lakini nusu na robo zitakukimbia. Ndiyo maana tulikuwa na sheria ya kusomeana. Hakuna kazi iliyochapwa kabla mmoja wetu hajasoma kwa sauti karatasi ya mteja, na mwingine kufuata kwa kidole kwenye nakala ya majaribio. Tukifika kwenye kipimo ulinikazia macho. "Soma tena, abo, dada yangu. Hapo ndio mtu anakufa." Nilikucheka, lakini niliipenda kazi ile kwa sababu yako.

Halafu likaja lile bango la dawa mpya ya minyoo, la kikundi cha wafugaji. Vitoto vya mbuzi vipewe mililita moja na nusu. Fonti tuliyoizoea ilikuwa ikiiunda nusu yenyewe, ndogo na safi: 1½. Siku hiyo nilikuwa nimeenda Meru kununua wino. Wewe ulikuwa unahamia Nairobi kesho yake. Ukaona fonti yetu imezeeka, ukaweka ya kisasa, ukachapa yote bila kunisubiri. Fonti yako mpya haikujua kuunda nusu. Ikaandika 11/2.

Bango moja ukamtumia mama kule Biliqo, zawadi ya kumuaga. Akalibandika mlangoni. Unajua wanawake wa pale walivyokuwa wakimletea chupa za dawa awasomee, na alivyokuwa akivaa miwani polepole ili wamwone vizuri. Akasoma kumi na moja, mara mbili kwa siku. Akavipa vitoto vya mbuzi wake kwanza, vya majirani vingoje. Vyake vyote vikafa.

Nilipofika, zizi lilikuwa kimya. Mama hakunisalimu hata. "Mimi ndio nimeua mbuzi," akasema. "Macho yangu imeisha."

Nikaliona kosa kwenye bango, nikapiga simu mengine yasigawiwe, kisha nikamwonyesha. Nikamwandikia nusu ilivyotakiwa kuwa. Akanipapasa kichwa kama mtoto. "Usinidanganye ndio nisikie vizuri. Halkano ndio alinifundisha nambari. Yeye hawezi kukosea nambari."

Nikakupigia simu, na hiyo uliishika. Ukasema nini? "Si nilibadilisha tu fonti. Maji yakimwagika hayazoleki, dada." Wallahi, nilitaka kuivunja ile simu. Aliyemwaga maji ndiye wa mwisho anayefaa kuisema methali hiyo. Ukaahidi kumweleza mama, kisha ukaanza kunipiga chenga: mara mtandao, mara mkutano, mara betri. Nawe ndiye mtu aliyekuwa akinirudisha kwenye karatasi kwa sababu ya nukta!

Sitaki pole yako. Wala usitume hela za mbuzi wengine, hizo zitapatikana. Mama ameifungia miwani sandukuni. Majirani wakija na chupa anawaambia waende kwa mwalimu wa shule, na sasa wameacha kuja. Juzi alininyooshea chupa ya dawa yake mwenyewe ya presha, nimsomee. Maandishi yake yalikuwa makubwa, kaka. Alikuwa anayaona. Aliniangalia tu, akangoja. Nikamsomea, kisha nikatoka nje nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yako.

Mimi nimeshamwambia ukweli na hauingii, kwa sababu anakuamini wewe kuliko macho yake. Basi njoo Biliqo. Lile bango sijalichana, bado liko mlangoni. Mtolee mama ile miwani sandukuni, keti naye chini kama siku zile ulipokuwa ukimchorea nambari mchangani, mshike kidole ukiweke kwenye kile kipimo. Kisha umsomee kwa sauti ulichoandika, umwambie kwa kinywa chako kwamba yeye alisoma sawasawa.

Nakungoja kwa hasira,
Dada yako