Kwinini ya Magdalena

Jumatatu, 10 Januari 1916
Homa ya mke wangu imerudi. Siku moja inamwacha, ya pili inamtupa chini. Aliipata kule Mto Usa alikokwenda kumvunia mama yake mahindi – nilimkataza! Huku kwetu Akheri kuna baridi, mbu si wengi hivyo. Leo ametetemeka mpaka kitanda kikalia. Magdalena mwenye maneno mengi, sasa kimya. Naogopa.

Jumanne, 11 Januari
Bwana wa misioni amemtazama, ameandika cheti: kwinini ya siku kumi, asikose hata siku moja, la sivyo homa itarudi na nguvu mpya. Kwake dawa hamna, meli hazifiki tangu vita vianze. Iko boma la Arusha tu, na askari ndio wa kwanza. Raia apate kwa cheti na alipe kwa chakula. Rupia za karatasi hawataki hata kuziona. Mbuzi wanne na mizigo miwili ya maharage! Mimi mwalimu wa shule ya misioni, nina mbuzi mmoja, naye kilema.

Jumatano, 12 Januari
Sikumwomba mtu. Kaanaeli alikuja asubuhi kumjulia hali shemeji yake, akatazama, akatoka zake. Alasiri wakaja sita, yeye na wenzake, wote wa rika langu, tuliotahiriwa mwaka mmoja. Mbuzi hao, maharage hayo! Kwetu mwenzako wa rika akipatwa na jambo, hungoji akuambie. Nililia mbele yao. Wakanicheka, eti mwalimu gani huyu.

Kwenda boma hawathubutu. Mwanaume mwenye mabega akionekana mjini anatiwa kamba na kupelekwa upagazi wa vita, na waliokwenda mwaka jana hatujawaona tena. Mimi nina barua ya misioni, hawanigusi. Mizigo watabeba dada zangu.

Walipokuwa bado wanakunywa uji niliandika majina yao sita kwenye karatasi safi, na kila mmoja kijito anachokaa kando yake, maana kina Sumari wako watatu. Nisije kusahau fadhila hii. Kaanaeli alikunja uso. Watu hawahesabiwi, alisema, wazee walikataza, choma hiyo. Nikamjibu aache ushenzi. Mwandiko ulitoka mzuri kweli.

Alhamisi, 13 Januari
Boma. Karani ni mtu wa pwani, kanzu nyeupe, mpole. Askari wa mlangoni alidai mbuzi ni wa wizi: mwalimu atoe wapi mbuzi wanne? Nikakasirika. Nikachomoa karatasi yangu, nikasema hawa hapa walionisaidia, someni!

Karani alisoma polepole, kidole juu ya kila jina. Akausifu mwandiko wangu. Akauliza, wote ni vijana? Wazima? Nikasema wazima kabisa, wana nguvu – kwa fahari! Akaikunja, akaitia mfukoni. Nikapewa vidonge vya siku tano. Vilivyobaki nivifuate Jumanne.

Njiani dada yangu Elizabeth akauliza mbona karatasi imebaki kule. Nikamwambia anyamaze, atembee.

Ijumaa, 14 Januari
Magdalena amekunywa mtori, bakuli zima! Jasho limemtoka vizuri. Amenitania kwamba nimepika kama askari. Bwana asifiwe.
Sijalala lakini.

Jumamosi, 15 Januari
Wamekuja. Asubuhi, askari wanane. Hawakumwuliza mtu njia. Kijito kwa kijito, nyumba kwa nyumba, kwa majina.
Watano wamefungwa kamba shingoni. Kaanaeli alikuwa msituni kwenye mizinga yake ya nyuki.
Mke wa mmoja wa kina Sumari alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Mwalimu, wewe msomi, nani kawaonyesha? Nilisema sijui. Nilisema sijui!

Jumapili, 16 Januari
Kaanaeli yuko kwangu. Amepanda darini, juu ya ndizi. Kwa nini kwangu, nilimwuliza. Akasema nyumba ya mwalimu haipekuliwi, na tena nimkimbilie nani kama si wewe?
Kanisani sikuweza kuimba. Magdalena anakula, anacheka na Kaanaeli, naye anamrushia ndizi mbivu kutoka juu. Mimi mjinga, mjinga, mjinga.

Jumanne, 18 Januari
Nimetoka boma. Karani alikuwa mpole vilevile. Vidonge vyangu vipo, alinionyesha, vimefungwa tayari na cheti kimebandikwa juu. Orodha yako ina sita, mwalimu, alisema, nimepata watano. Nikasema dawa ni ya mgonjwa na malipo yalikamilika. Akavirudisha kwenye sanduku. Mlete, alisema, ndipo utapewa. Usipomleta, jina la sita litakuwa lako, na mkeo atakuwa na nani?

Askari amenifuata mpaka shuleni, hatua chache na nyumba yangu. Amekaa pale kwenye ngazi, anamenya muwa. Anataka jibu kabla jua halijashuka.

Vidonge viliisha jana. Nimekuta homa imeshamrudia, meno yanagongana. Kaanaeli ameshuka darini mchana kweupe! Amemlowanishia kitambaa, anampepea, anamwambia vumilia shemeji, mwalimu amefika na dawa.

Ananiuliza nimeipata. Nimesema ngoja, namaliza kuandika.

Hajui kusoma. Amekuja kusimama hapa begani kwangu, ameinama, anaufuata wino. Ananiuliza kwa utani jina lake liko wapi hapa.