Dada, Pampu Siitupi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na uipokee kabla hujaanza kunikasirikia. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na wajukuu. Habari za kifua chako usinifiche, maana mwanao ameshanipigia simu akanieleza kwamba siku hizi unalala umekaa, umeegemea mito mitatu, na ukiulizwa unasema ni vumbi tu. Mimi huku sijambo. Nakohoa, ndiyo, lakini nakohoa nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara mbili jikoni shuleni, nimekalia ndoo. Umeniagiza niache utafiti, niitupe pampu ya dawa ya kuvuta, nirudi nyumbani nipumzike kabla haijaniua kama ilivyomuua mama. Umeandika kwamba unaniamuru. Dada, tangu nizaliwe sijakukatalia jambo. Ulinisuka nywele, ulinichapa, ulinivalisha siku ya harusi, na hata yule mume niliyemwacha nilikuomba ruhusa kwanza. Leo nakukatalia katakata. Siitupi na sirudi, na sababu nitakueleza zote, hata ile itakayokufanya usitake kuniona.

Kwanza uelewe utafiti wenyewe, maana naona umeelezwa nusunusu. Tunakutana kila Alhamisi katika chumba cha mwisho cha hospitali, zamani kilikuwa stoo ya mashuka, mpaka leo kinanuka sabuni. Wamekusanywa watu wa magonjwa yasiyopona, yale ya kuishi nayo. Wa presha na sukari wanakaa benchi la kushoto, sisi wa mapafu la kulia, na wenzetu wanatutania kwamba benchi letu linapiga filimbi. Madaktari wanataka kujua kama mgonjwa anaweza kuutunza ugonjwa wake mwenyewe nyumbani, akipewa dawa ya kila siku, mazoezi, daftari la kuandika hali yake, na nesi wa kumfuatilia. Upande wa mapafu tuko wachomeleaji wa vyuma, wavunja mawe, na sisi wapishi wa shule, wanawake sita wa jiko moja, kila mmoja na miaka yake ishirini na zaidi juu ya moto wa kuni.

Kila baada ya wiki nne tunapimwa. Unapuliza mrija mpaka macho yanataka kutoka, halafu unatembea dakika sita kwenye korido, kutoka stuli nyekundu mpaka stuli nyekundu, nesi ameshika saa. Mwisho unarudisha pampu wakague kidirisha chake chenye namba. Pampu mpya inaanza mia na ishirini, na kila ukibonyeza namba inashuka moja. Mbili asubuhi na mbili jioni, kwa hiyo siku ya kupimwa inatakiwa isome nane.

Sasa sikia ujinga wetu. Tulikuwa hatuivuti. Mimi nilikuwa na maneno yako kichwani, kwamba dawa ya kuvuta inakifanya kifua kiwe kivivu, na ukishaianza basi, umekwisha. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo kuliko wote, niliwapa na wenzangu, nao wakayameza. Lakini mazoezi ya Alhamisi tuliyapenda, na kufukuzwa hatukutaka. Basi siku ya kupimwa tulikuwa tunafika saa nzima kabla ya wengine, tunaingia choo cha wanawake, tunafunga mlango, tunabonyeza pampu hewani mpaka kidirisha kisome nane. Wanawake wazima sita, tumejazana kwenye ukungu wa dawa, tunacheka mpaka tunakohoa. Mfagiaji alidhani tunapulizia mbu, akatushukuru. Yule mwenzangu tunayemwita Mama Mwiko ndiye aliyetufundisha kujaza daftari kwa kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili lisionekane limejazwa siku moja. Tuliendelea hivyo miezi minane, tukajiona wajanja kweli.

Miezi miwili iliyopita tukaitwa kusikiliza matokeo. Daktari wa utafiti, mama mmoja mwembamba asiyeinua sauti, alieleza kwamba wachomeleaji wameongeza mwendo na wavunja mawe wamepunguza kulazwa. Halafu akavua miwani. Akasema wapishi wametumia dawa vizuri kuliko kundi lolote, pampu zao zimesoma nane kila mara, na hata hivyo vifua vyao vimeshuka. Kwa hiyo wanaona kwamba mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni hayasikii dawa hii. Kamati inapendekeza awamu inayofuata isiwe na wapishi, na kliniki zishauriwe zisiwasumbue nayo wanawake wa aina yetu. Alisema pole, na alimaanisha.

Niliwaza wanawake wote walioinama juu ya moto muda huu, wanaokohoa kwenye khanga zao, ambao siku moja watafika kliniki waambiwe kwamba dawa ipo lakini si yao. Wataambiwa hivyo kwa sababu ya choo chetu. Mama Mwiko alinibana paja ninyamaze. Nikasimama.

Nilimwambia daktari afute alichoandika. Bwana mmoja wa kamati, mwenye tai, akaniomba nikae, akasema matokeo yametokana na namba na namba hazina ubishi. Nikamjibu kwamba namba hizo nimezibonyeza mwenyewe chooni, kama anataka twende nikamwonyeshe. Watu wa sukari waliangua kicheko. Daktari hakucheka. Aliuliza taratibu ni wangapi tuliofanya hivyo, nikasema nimefanya mimi, wengine wana midomo yao. Halafu wakasimama mmoja mmoja, Mama Mwiko wa mwisho, huku amenitolea macho ambayo hajayarudisha mpaka leo.

Baada ya hapo bwana wa tai aliniletea karatasi nisaini kwamba najitoa kwa hiari yangu. Nilimwambia hiari hiyo sina. Nilimwambia nimekula moshi miaka ishirini na sita nikipikia watoto wa watu, sitoki kwenye mlango huo kwa kusaini. Kama wana adhabu waniadhibu nikiwa ndani, lakini watupime upya, safari hii nesi akituona kwa macho yake tukivuta. Nilipiga kelele, nakiri, mpaka pumzi ikakatika ikabidi nikalishwe. Hata nilipokaa nilikuwa bado natikisa kichwa. Daktari alichukua ile karatasi akaikunja akaitia mfukoni mwake.

Wiki mbili baadaye kamati ilikubali. Matokeo ya zamani ya wapishi yameandikwa kama yalivyo, pamoja na choo chake, na sisi tumeanza upya. Nesi anakuja jikoni saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla kuni hazijashika, na jioni anatupigia simu ya picha. Anatuhesabia. Unatoa pumzi yote, unabonyeza, unavuta polepole, unashikilia mpaka kumi, halafu unasukutua mdomo. Leo ni wiki ya sita. Mwanzo korido ilinishinda kwenye mita mia mbili na kumi. Alhamisi iliyopita nimetembea mia mbili na tisini, na nikafika nikiwa bado na pumzi ya kumtukana Mama Mwiko, ingawa hakunijibu. Kupona siponi, wameniambia wazi. Lakini ngazi za nyumbani kwangu sasa nazipanda bila kukaa katikati.

Siku ile daktari aliniuliza jambo moja ambalo sikumjibu. Aliuliza nani alinifundisha kuiogopa dawa. Nilisema ni maneno ya watu tu. Sikukutaja, na wala si kwa kukuficha wewe. Nilikuwa najificha mwenyewe, na sasa nakueleza kwa nini.

Unakumbuka mwaka ule wa mwisho wa mama, ulipozunguka hospitali tatu mpaka ukaipata ile pampu. Uliniachia mimi kazi ya kumvutisha, asubuhi na jioni, kwa sababu wewe ulikuwa unashinda kwenye mapasi ya dobi. Kila jioni ukirudi, kabla hujavua viatu, ulikuwa unaniuliza kama mama amevuta. Na kila jioni nilikujibu kwamba amevuta.

Hakuvuta, dada. Siku ya pili tu alikataa, akasema kifua chake kimezoea moshi, hakitaki upepo wa dukani. Nilimbembeleza kidogo, nikachoka, tukakubaliana tusikwambie. Ilikuwa rahisi kusema amevuta kuliko kukuona unalia. Alipofariki na pampu ipo chini ya mto wake, wewe ukasema mbele ya watu wote kwamba umemletea mama sumu kwa mikono yako. Nilikuwa nimesimama karibu yako. Niliinamisha kichwa. Baada ya mazishi niliichukua nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaibonyeza, ikatoa dawa. Nikabonyeza tena na tena mpaka kidole kikafa ganzi, na ilikuwa bado inatoa.

Miaka kumi na tisa umebeba hatia isiyokuwa yako, nami nimekuangalia tu ukiibeba, mpaka hofu yako nikaiamini na mimi. Hukumuua mama. Dawa haikumuua mama. Mimi nilikupa jibu la uongo, nawe ukapima kwa jibu hilo, kama alivyopima daktari wetu. Ndiyo sababu nilisimama siku ile. Sikuweza kuua kwa uongo uleule mara ya pili.

Nikasirikie. Nilaani ukitaka, nastahili. Lakini mito yako mitatu siikubali. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, na Jumatatu tunarudi huku wote wawili, upulize mrija, uambiwe ukweli wa kifua chako. Nimeshamwambia daktari kwamba naleta mgonjwa mbishi, akaniuliza kama ananizidi mimi. Safari hii jioni nitakuwa nimekaa mbele yako, na hakuna atakayehitaji kuniuliza kama umevuta.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, na mwambie mwanao asikwambie kwamba ndiye aliyesema. Mlango uache wazi, hata kama hutaki kunisalimia.

Mdogo wako asiyekutii,
kitindamimba wa mama.